Salary na chumvi: majibu ya maswali yenu kuhusu ile stori ya askari wa Roma

Kila tarehe za mshahara zikifika kuna ile meseji inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, najua na wewe umeshatumiwa: eti neno salary la Kiingereza limetokana na chumvi kwa sababu askari wa Roma ya kale walikuwa wanalipwa chumvi badala ya hela. Juzi nilisema kwa mistari miwili tu kwamba chumvi kwenye hilo neno ipo kweli, ila hiyo ya kulipwa chumvi ni chai, na tangu hapo simu haijapumzika. Haya, tuyachukue moja moja, mengine nimeyafupisha maana kuna mtu aliandika kurasa tatu.

Shikamoo anko. Kama ni chai mbona mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha hivyohivyo? Walilipwa chumvi au hawakulipwa? – Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba mwanangu. Hawakulipwa chumvi. Walilipwa sarafu, na kiwango chake tunakijua. Malipo ya askari wa Kirumi yaliitwa stipendium, hilo ndo lilikuwa neno lao la mshahara wa jeshi, na mwanahistoria Livy anasema serikali ya Roma ilianza kuwalipa askari wake mwaka 406 kabla ya Kristo. Enzi za Kaisari Augusto askari wa kawaida wa miguu alikuwa anapata dinari 225 kwa mwaka, dinari yenyewe ni sarafu ya fedha, anapewa kwa awamu, na baadaye Kaisari mwingine, Domitian, akaja akapandisha mpaka 300.

Sasa sikiliza hii. Mwaka 14, Augusto ndo kwanza kafa, majeshi yaliyokuwa Pannonia, huko upande wa Hungaria ya leo, yakagoma. Aliyewachochea ni askari mmoja anaitwa Percennius, ambaye kabla ya jeshi kazi yake ilikuwa kuongoza makundi ya washangiliaji kwenye majumba ya maigizo, yaani mdomo ndo ulikuwa mtaji wake. Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus ameyaandika malalamiko yake: kwamba roho na mwili wa askari vimewekewa bei ya asi 10 kwa siku (asi ni sarafu ndogo ya shaba), na humohumo anunue nguo, silaha na hema, humohumo ampoze ofisa wake ili asimchape na ampunguzie kazi ngumu. Wakadai dinari nzima kwa siku. Mtu anaorodhesha kila kero ya mshahara wake mbele ya jeshi zima, na chumvi haitaji hata punje. Ingekuwa wanalipwa chumvi unadhani angeisahau huyo?

Kuhusu mwalimu wako, usimlaumu, hii stori ina historia yake. Chanzo ni Pliny Mzee, yule aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka. Katika kitabu chake kikubwa cha mambo ya asili kuna mahali anaisifia chumvi, anasema bila chumvi hakuna maisha ya kistaarabu, halafu katikati ya sifa hizo anapitisha sentensi moja kwamba chumvi inahusika pia kwenye vyeo na kwenye utumishi wa jeshi, na salaria (wingi wa salarium, neno la Kilatini lililozaa salary) zimepata jina lake hapo. Basi, kaishia hapo, hakusema nani alimpa nani chumvi, hakusema kiasi, akaendelea na mambo mengine. Watunga kamusi wa karne za baadaye wakaona kuna pengo wakalijaza. Kamusi ya Kilatini ya Lewis na Short, iliyotoka 1879 na ambayo wanafunzi wa Kilatini wanaitumia mpaka leo, inasema salarium asili yake ni hela waliyopewa askari ya kununulia chumvi. Umeona? Hata kamusi inasema hela ya chumvi, haisemi chumvi. Watu wa mtandaoni ndo wakakata kipande cha "hela ya", ikabaki chumvi tupu.

Sawa, hawakulipwa chumvi. Lakini umekubali mwenyewe kwamba neno limetoka kwenye chumvi. Sasa imeingiaje? – Karani, Tanga

Hili ndo swali zuri kuliko yote niliyopata, na jibu lake kaka liko kwenye Kiswahili chako mwenyewe, subiri.

Kwanza neno. Chumvi kwa Kilatini ni sal, kitu cha chumvi ni salarius, na salarium ni kama kusema "cha chumvi", halafu nomino yenyewe imeachwa hewani. Ukiangalia wanaotajwa kupewa salarium kwenye maandishi ya Warumi wenyewe, wengi sio askari wa chini, ni wakubwa. Kaisari Nero, kwa mujibu wa mwandishi wa Kirumi Suetonius, aliwawekea salaria ya kila mwaka masenata wa koo kubwa waliofulia, wengine mpaka sesta 500,000 kwa mwaka (sesta ni sarafu ndogo kuliko dinari). Linganisha na askari wa dinari 225, ambazo ni sesta 900. Na kuna ile ya Agricola, gavana aliyepigana miaka mingi kule Uingereza: zamu yake ya kupewa ugavana wa Asia au Afrika ilipofika akashawishiwa ajitoe kwa "hiari", akajitoa, na Domitian hakumpa hata ile salarium ambayo kwa kawaida gavana wa ngazi hiyo alikuwa anapewa. Aliyeandika haya ni Tacitus, mkwe wake, na ukisoma unasikia kabisa mkwe kakasirika.

Kwa hiyo salarium ilikuwa posho. Na nikisema posho namaanisha posho hasa.

Fikiria misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora mpaka Ujiji. Mpagazi alikuwa na ujira wake aliokubaliana, na mbali na ujira kulikuwa na posho, chakula cha siku, kibaba cha nafaka. Msafara ukifika mahali ambapo tajiri hana nafaka ya kugawa, wapagazi wanapewa kitambaa au ushanga wakajinunulie wenyewe kijijini, na hicho kitambaa nacho kinaitwa posho. Baadaye mashambani na kwenye reli posho ikawa unga wa wiki. Leo nenda Uganda, posho ni ugali wenyewe uko kwenye sahani na maharage. Nenda Dodoma, posho ni ya kikao, ni hela, na hakuna mbunge aliyewahi kutoka bungeni na debe la unga kichwani. Neno lilelile, jina la chakula, limehama likawa jina la hela, wala hakuna aliyekaa kikao kuamua lihame.

Sasa chukua mtu wa miaka 2,000 ijayo, anafukua nyaraka zetu, anakuta "posho ya wabunge", anafungua kamusi anaona posho ni unga, halafu anawaandikia wenzake kwamba Watanganyika walikuwa wanawalipa wabunge wao unga wa mahindi. Ndo tulichowafanyia Warumi.

Hakuna maandishi ya Kirumi yanayosimulia siku salarium ilipozaliwa, lakini mimi nasimama na hilo la posho: marupurupu yaliyobeba jina la kitu cha jikoni, yakapewa wenye vyeo, mwisho jina likakwama kwenye hela.

Hao askari nao walikuwa na makato kama sisi? Maana huku slipu yangu nikiiangalia natamani kulia. – Muuguzi, Mbeya

Dada pole, ila kaa chini nikusimulie habari za mwenzio.

Miaka ya 1960 waakiolojia walikuwa wanachimba Masada, ile ngome iliyo juu ya jabali karibu na Bahari ya Chumvi, ambayo Warumi waliizingira mwishoni mwa vita ya Wayahudi. Wakaokota kipande cha mafunjo, karatasi ya kale ya matete, kimeandikwa Kilatini, na ni slipu ya mshahara. Mwenyewe anaitwa Gaius Messius, mtu wa Beirut, inaelekea alikuwa askari wa farasi, miaka ya 70 baada ya Kristo. Kapokea stipendium dinari 50. Kisha makato: shayiri dinari 16, chakula dinari 20, viatu 5, mikanda ya ngozi 2, kanzu ya kitani 7. Hebu jumlisha. Ndio, 50. Hajabakiwa na senti, kazungushwa na vita na jua la jangwani awamu nzima kwa faida ya kanzu moja na buti. Hiyo shayiri nadhani ni ya mnyama wake, maana yake hata farasi alikuwa anakatiwa kwenye mshahara wa bosi.

Na angalia alipokuwa kasimama: Bahari ya Chumvi iko pale chini, chumvi imejaa ufukweni ya kujizolea. Kama kuna mahali ambapo jeshi la Roma lingeweza kumlipa mtu chumvi bila kutoa jasho ni hapo, na bado slipu inasema dinari, na kwenye makato chumvi haina mstari wake.

Usikate tamaa lakini, sio wote walikuwa Messius. Kuna mafunjo mengine kutoka Misri, ya mwaka 81, siku hizi yako Geneva, ni daftari la hesabu za askari wawili. Mmoja anaitwa Julius Proculus, mtu wa Damasko. Awamu moja kapata drakma 248 (huko Misri walikuwa wanahesabu kwa drakma), kakatwa majani makavu 10, chakula 80, buti na mikanda 12, nguo 60, na drakma 20 za Saturnalia ya kambini, yaani mchango wa sherehe ya Desemba unakatwa juu kwa juu, hata hawakukuuliza kama utahudhuria. Jumla ya makato 182. Zilizobaki 66 zikawekwa kwenye akiba yake iliyokuwa na 136, zikafika 202. Kwa hiyo ukiwaambia watu wa ofisini kwako kwamba michango ya harusi ni utamaduni wa Kiafrika, ujue Proculus angekukatalia.

Si nasikia enzi hizo chumvi ilikuwa na thamani kama dhahabu? Ndo maana wakalipana. – Mfanyabiashara, Kariakoo

Hapana mkuu, wewe mtu wa bei nikupe bei. Mwaka 301 mfalme Diocletian alitangaza bei elekezi za dola nzima, ukivuka unauawa. Kwenye orodha hiyo chumvi iliwekwa dinari 100 kwa kipimo kimoja cha jeshi, na ngano kipimo hichohicho dinari 100. Chumvi sawa na ngano. (Hizo dinari sizo zile za Augusto tena, zilikuwa zimeporomoka vibaya sana, ndo maana mfalme akachanganyikiwa na bei.) Sasa mtu anayelipwa kitu chenye bei ya ngano angehitaji punda wa kubebea mshahara, na binadamu anatumia chumvi kidogo tu kwa siku, hiyo nyingine yote angemuuzia nani wakati kambi nzima imelipwa chumvi siku hiyohiyo?

Ilikuwa muhimu, hilo halina ubishi. Bila chumvi hakuna nyama ya kutunza, hakuna samaki, jibini ndo usiseme. Barabara moja ya kale sana ya Roma inaitwa Via Salaria, barabara ya chumvi, inapanda kutoka mjini kwenda nchi ya Wasabini mpaka pwani ya Adriatiki, na jina halijabadilika, ukiwa Roma leo unaweza kupanda basi linalopita Via Salaria. Pliny anasimulia pia kwamba mfalme wao wa zamani, Ancus Marcius, aliwagawia wananchi modius 6,000 za chumvi, na modius moja inakaribia lita 9. Kitu cha kugawa bure kwa malita namna hiyo sio dhahabu. Muhimu na ghali ni vitu viwili tofauti, maji ni muhimu kuliko almasi.

Ina maana duniani kote chumvi haijawahi kuwa hela? Naona kama unaikandia tu. – Msomaji, Kigoma

Imewahi, tena sio mbali. Ethiopia walikuwa na amole, vipande vya chumvi vinavyochongwa kama tofali jembamba, vinachimbwa kwenye jangwa la Afar, mahali pa joto la kuua, vinapandishwa na ngamia mpaka Mekele na nyanda za juu, na vilitumika kama chenji ya kawaida karne nyingi mpaka karne ya 20 imeanza. Vilifungwa kwa kamba ili visimeguke, na kadiri unavyokwenda mbali na jangwa ndivyo kipande kimoja kinavyonunua vitu vingi zaidi. Hapo kweli chumvi ni pesa, na watu wameishuhudia na kuiandika.

Na wewe wa Kigoma unaniuliza mimi habari za chumvi wakati Uvinza iko kwenu? Zile chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi watu wamezichemsha zaidi ya miaka 1,400, waakiolojia wamekuta vyungu na majiko, na chumvi yake ilikuwa inakwenda Ujiji na kuzunguka ziwa Tanganyika lote kwa biashara. Uganda nako kuna Katwe, ziwa la kwenye kreta, na kuna Kibiro kando ya ziwa Albert ambako wanawake wanakwangua udongo wenye chumvi, wanauchuja kwa maji, wanachemsha, na kila familia ina kiwanja chake cha chumvi ambacho binti anarithi kwa mama. Huko nako chumvi ilikuwa ya kubadilishana na chakula, maana Kibiro hata mtama haustawi. Siikandii chumvi ndugu yangu, naikandia meseji ya WhatsApp.

Je salary ina undugu na salamu, au na sala? Yote yanaanza na sal. – Ustadhi, Zanzibar

Waalaikumu salaam ustadhi. Hapana. Salamu na salama ni Kiarabu, mzizi mmoja wa usalama na amani, na sala ni Kiarabu pia ila mzizi mwingine. Kilatini hakihusiki kabisa. Herufi tatu kufanana haitoshi, vinginevyo saladi nayo tungeswalia.

Umetaja saladi. Hiyo nayo vipi? – Mama lishe, Morogoro

Hahaa, mama umenishika. Saladi ni ndugu wa salary damu moja! Majani yaliyotiwa chumvi kwa Kilatini cha mtaani yaliitwa salata, ikapita Ufaransa ikawa salade. Sosi ni salsa, kilichotiwa chumvi. Soseji ni salsicia, nyama iliyokolezwa chumvi. Salami ya Kiitaliano hali kadhalika. Kwa hiyo pale kwako mteja akiagiza chipsi soseji na saladi na sosi pembeni, chumvi ya Warumi iko mara tatu kwenye sahani moja kabla hujamwaga ya kwako. Kachumbari haimo, hiyo ni ya Wahindi, na kwa maoni yangu inaishinda saladi yoyote.

Bosi wangu kanisifu kwa Kiingereza kwamba nastahili chumvi yangu. Nifurahi au ananisema? Na huo msemo si ushahidi kwamba walilipwa chumvi? – Fundi mitambo, Nairobi

Furahi bro, amekusifu, kwamba unafanya kazi inayolingana na unachopewa. Ila ushahidi sio. Msemo huo kwa Kiingereza unaonekana kwenye maandishi ya miaka ya 1800, Roma imeshaanguka karne na karne, na unaeleweka vizuri tu bila Mrumi yeyote: mfanyakazi anakula kwa tajiri, na kula chumvi ya mtu ni kula chakula chake. Mtu asiyestahili hata chumvi ni yule anayekula kuliko anavyozalisha, tunawajua. Ila usije ukautafsiri ukamwambia mzee wa kwenu kwamba kala chumvi nyingi ukadhani unamsifia kazi, kwetu maana yake umri umekwenda, atakuangalia hivi.

Na neno mshahara lenyewe? Mbona sisi hatukuchukua salary? – Mwalimu mstaafu, Mombasa

Shikamoo mwalimu. Mshahara ni Kiarabu, limetoka kwenye shahr, yaani mwezi, lilelile unalolisikia kila mwaka kwenye shahru Ramadhan. Malipo ya mwezi kwa mwezi, mushahara, ndo likatua kwetu likiwa mshahara. Kwa hiyo Waswahili hawakulitaja kwa kitu unachonunua nacho, walilitaja kwa muda unaosubiri, na kwa kweli tarehe 20 ikifika mtu anajua kwa nini. Aliyekuwa analipwa kwa siku hakuwa na mshahara, huyo alikuwa kibarua, jina linalotokana na kile kijikaratasi, barua ndogo, anachopewa kuonyesha kafanya kazi ya siku.

Salary nayo ilichelewa hata Uingereza. Ilivuka na Kifaransa cha wale mabwana wa Normandia na kwenye maandishi ya Kiingereza inaanza kuonekana karne ya 14, kabla ya hapo walikuwa na maneno yao mengine. Wafaransa wanasema salaire, ndo maana ukikaa na jamaa wa Bukavu au Lubumbashi utasikia mshahara na salaire kwenye sentensi moja, chumvi na mwezi vinakutana bila wao kujali.

Halafu kuna kituko kingine maofisini. Per diem ni Kilatini kitupu, hakijaguswa hata herufi, "kwa siku". Mtumishi wa Tanzania analipwa mwezi kwa Kiarabu na siku za safari kwa Kilatini, na ukimuuliza anapenda ipi hatachukua muda kujibu.

Neno la kulipa kwa Kiingereza, pay, nalo ni Kilatini? – Dereva bodaboda, Arusha

Ndiyo. Pacare, kutuliza, limetokana na pax, amani. Kumlipa mtu asili yake ni kumtuliza anayekudai. Wewe wa bodaboda umeshawahi kubeba abiria akashuka akasema atatuma baadaye, kwa hiyo sina haja ya kufafanua.

Kuna mtu kaniambia hata neno soldier limetoka kwenye chumvi, eti sal dare, kutoa chumvi. Kweli? – Mgambo, Singida

Chai nyingine hiyo afande, tena hii haina hata Pliny wa kuisingizia. Soldier linatokana na solidus, sarafu ya dhahabu aliyoianzisha mfalme Konstantino mwanzoni mwa karne ya 4, sarafu 72 kutoka kwenye ratili moja ya Kirumi ya dhahabu. Ilikuwa imara, ndo maana ya jina lenyewe, na ikadumu karne na karne huko Konstantinopoli wakati sarafu nyingine zinachakachuliwa. Kwenye Kifaransa cha kale jina lake likafupika likawa neno la mshahara, na anayepigana kwa mshahara akaitwa kwa mshahara huo.

Na usidhani iko mbali na wewe. Waingereza walikuwa wanaandika hesabu zao kwa herufi tatu za Kilatini, L ya libra kwa pauni, s ya solidus kwa shilingi, d ya denarius kwa peni, na walikwenda hivyo mpaka Februari 1971. Neno shilingi lenyewe ni la Kijerumani cha kale, lakini herufi yake kwenye daftari ilikuwa ya solidus. Ile s zamani ilikuwa inaandikwa ndefu, kwa mkono wa haraka wa makarani ikanyooka ikawa kamstari ka mshazari, shilingi tano bila peni ikawa 5/-. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza 1921 sisi tuligawa kwa senti 100, peni hatukuzitaka, ila kamstari tukakabakiza na vistari viwili mbele yake. Kwa hiyo ukienda dukani ukakuta kibao cha unga kimeandikwa 2,000/=, hako kamstari kanaitwa solidus mpaka leo na watu wa uchapaji.